Mfunguo Mosi

Wiki ya mwisho ya Shaabani, Unguja hailali. Ni siku za vunja jungu: leo taarab, kesho taarab, watu wanatunza, wanacheza na kula, maana kila mmoja anajua kinachokuja. Mwezi ukiandama, ala zinafungwa. Fidla inarudi sandukuni, kodiani inafunikwa shuka, udi unatundikwa ukutani au unasukumwa chini ya kitanda, na kwa siku 29 au 30 hakuna bashraf, ule wimbo wa ala tupu unaofungua taarab, wala kiitikio. Si jambo la kuulizana, ndivyo tulivyolelewa.

Idd ikiingia, taarab inarudi kwa kishindo. Siku mbili tatu baadaye, sikukuu ikishapoa, mwanafunzi aliyekuwa akienda vizuri kabla ya mfungo anaitoa ala yake, anapiga dakika tano, anaiweka chini na kusema hawezi tena.

Sura hii ni yake huyo, na ni ya mzazi na mwalimu wake. Kwa miaka niliyofundisha sikumbuki mwanafunzi aliyeniaga katikati ya Ramadhani. Wanaoacha huacha Mfunguo Mosi, na wengi hawaagi. Wiki hii homa, wiki ijayo harusi, ya tatu hawaonekani. Mwezi wa mapumziko haujawafanya lolote baya. Wanapotelea kwenye zile wiki mbili za kurudi, na wiki hizo huharibiwa na watu wazima kuliko watoto.

Ninasema Ramadhani kwa sababu ndiyo likizo ya muziki ninayoijua kwa karibu. Anayesoma piano Nairobi, ambako Kenya Conservatoire of Music imekuwa ikifundisha tangu 1944, ataona habari hiyo hiyo mwezi Januari, skuli zikifunguliwa baada ya likizo ndefu. Wa Dar es Salaam ataiona Julai. Tofauti ni kwamba sisi likizo yetu inahama, inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Kuna miaka inayoangukia kaskazi na miaka inayoangukia masika, na mbao za ala zinajua ni mwaka gani.

Tuanze na kinachopotea, maana watu hukichanganya chote na kukiita kusahau.

Cha kwanza ni ngozi. Udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja mnene wa besi peke yake, na anayejifunza huzikandamiza kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto mpaka zinaota sugu. Sugu hiyo haina siri yoyote, ni ngozi iliyozoea kazi. Ikikosa kazi wiki mbili tatu, inalainika na kubanduka. Siku ya kwanza ya kurudi maumivu yanakuja mapema kuliko mwanafunzi anavyokumbuka, naye anaelewa kwamba yeye mwenyewe amerudi nyuma. Kumbe ni ngozi tu, na ngozi itarudi yenyewe mradi isichunwe. Akipiga saa nzima kwa ubishi atapata malengelenge, na malengelenge yatamweka nje siku nne. Na jambo dogo ambalo halimo kwenye vitabu vya kigeni: baada ya mwezi wa futari, wasichana wengi ndio wanaobaki na masufuria. Maji ya sabuni yanailainisha ngozi kabisa. Basi piga kabla ya kuosha vyombo, usipige baada yake. Nyumba inayoelewa hilo itambadilishia binti zamu.

Cha pili ni mahali. Udi na fidla hazina freti. Kidole kinatua pahala ambapo hapana alama, na milimita moja huku au kule ni sauti nyingine. Hili ndilo linalopotea kwa siri, kwa sababu mkono unakwenda panapokaribia tu, na mtu asiyejisikiliza hatajua. Katika rast, mojawapo ya maqam, yaani ngazi za sauti tunazopigia, sauti ya tatu si ile ya piano: imekaa chini kidogo, katikati ya funguo mbili. Bayati nayo ina sauti yake ya pili ya namna hiyo. Sauti hizo ndizo za kwanza kuhama mwanafunzi akikaa mwezi bila kupiga, na kwetu huhama kuelekea upande mmoja, kwa kodiani. Kodiani ya kawaida haina sauti hiyo ya katikati, na ndiyo tuliyokuwa tukiisikia kwenye kila spika usiku wa Idd. (Wapo wazee wanaosema kodiani imetuharibia masikio kwa vizazi viwili. Mimi naipenda kodiani, lakini hoja yao ninaisikia.)

Cha tatu ni pumzi na misuli. Mpiga nai anachoka midomo kabla wimbo haujafika katikati. Wa fidla anaumwa bega na shingo. Kodiani kubwa ya besi 120 ina uzito wa kilo kumi hivi, na mkono unaovuta na kusukuma haujavuta kitu kwa mwezi mzima isipokuwa sahani ya sambusa. Mpiga kanuni hana sugu za kumbanduka, kwani hupiga kwa risha mbili zilizobanwa na pete kwenye vidole vya shahada, lakini ana nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti, na zote zimehama. Piano inaficha hasara yake kuliko zote, maana ukiubonyeza ufunguo sauti inatoka sawasawa. Kinachoyumba ni mwendo, na kidole cha nne na cha tano vinavyobaki nyuma ya wenzao.

Hivyo ndivyo vinavyopotea. Sasa angalia vinavyobaki.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu, na mtu aliyempima humo alikuwa yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazipanga kwa mistari, akazihifadhi mpaka aweze kuzisoma bila kukosea, kisha akaziacha. Baada ya muda alizihifadhi upya na kuangalia ameokoa kiasi gani cha kazi kuliko mara ya kwanza. Baada ya saa moja aliokoa kama asilimia 44. Baada ya siku moja, asilimia 34. Baada ya siku sita, 25. Baada ya siku 31, asilimia 21.

Zisome tena hizo mbili za mwisho. Kutoka siku ya sita hadi ya 31 alipoteza asilimia nne tu. Kilichomponyoka kilimponyoka mwanzoni kabisa, na kilichovuka wiki ya kwanza kilivuka na mwezi. Na hizo zilikuwa silabi za ovyo zilizohifadhiwa mara moja na kuachwa. Wimbo ambao mwanafunzi ameupiga miezi minne, akauimba njiani, akausikia harusini kwa shangazi yake, una mizizi ambayo silabi za Ebbinghaus hazikuwa nayo. Kwa hiyo mzazi anayesema “mwezi mzima umepotea” anafanya hesabu isiyo sahihi. Kwa upande wa kumbukumbu, mapumziko ya mwezi hayako mbali sana na mapumziko ya wiki.

Tena sikio halikufunga. Mwezi wa Ramadhani ndio mwezi ambao mtoto wa Unguja husikia sauti nzuri kuliko miezi yote: tarawehe kila usiku, tilawa redioni, mashindano ya kusoma Kurani, kasida za watoto wa vyuoni. Sitaki nieleweke vibaya. Tilawa si muziki, wala hakuna kaarii atakayekubali iitwe hivyo. Lakini bayati, rast na hijaz ambazo wasomaji wa Kurani wanapita ndani yake ndizo bayati, rast na hijaz ambazo mpiga udi anahangaika nazo, na msomaji mzuri anaitua ile sauti ya katikati pale pale panapotakiwa. Mtoto aliyekaa msikitini usiku wote ule amenoa sikio bila kujua.

Hapo ndipo penye tabu. Anarudi na vidole vya nyuma na sikio la mbele. Kabla ya mfungo alipiga bayati yenye kasoro na hakuisikia kasoro. Sasa anaisikia, akiongezewa na kasoro mpya za mkono uliolala, na hitimisho lake ni kwamba ameharibika. Hana mtu wa kumwambia kwamba nusu ya huo ubaya anaousikia ni maendeleo.

Nikueleze somo moja la kwanza baada ya Idd, maana linafanana na mengi. Mwanafunzi wa udi, msichana wa miaka kumi na tatu, mikono ingali na hina ya sikukuu. Kabla hajakaa ameshaanza.

“Shikamoo Maalim. Nimesahau yote.”

“Marahaba. Hata kushika risha umesahau?”

“Hapana.”

“Na jina la uzi huu?”

Akalitaja.

“Basi si yote. Lete tuutazame huo udi.”

Tukautazama kweli. Ulikuwa mwaka wa mfungo wa masika, mvua imenyesha wiki mbili, na mbao zilikuwa zimevimba. Vigingi viwili vya kukazia nyuzi viling'ang'ania kabisa, kimoja kilikuwa kinateleza kila ukikizungusha. Dawa yake ni ya dukani kwa Mpemba. Kigingi kinachong'ang'ania unakichomoa, unakipaka sabuni ya mche iliyo kavu, kidogo sana, pale tu kinapogusana na tundu. Kinachoteleza unakipaka chaki. Alifanya mwenyewe. Uzi mmoja mwembamba ulikuwa umelika pale unapokalia daraja, tukauondoa kabla haujamkatikia usoni. Nyuzi zilizokuwa zimelegea tulizipandisha taratibu, kila moja nusu ya safari kwanza, halafu tukazizungukia tena, kwa sababu uzi uliolala mwezi ukiuvuta mpaka mwisho kwa mara moja unakatika, na usipokatika unawaharibia wenzake: uso wa udi unavutwa upya na kila ulichokwisha kukiweka sawa kinashuka.

Ilichukua sehemu kubwa ya somo. Muda wote huo alikuwa anasikiliza. Kila alipokaza uzi aliugonga, akaulinganisha na jirani yake, akasema juu, chini, bado, hapo. Hakugundua kwamba alikuwa akifanya mazoezi ya sikio kwa nusu saa na zaidi bila kuudhika hata mara moja. Mwisho nilimwomba anipigie wimbo wa kwanza kabisa aliojifunza, ule wa watoto, ambao sasa anauonea haya. Akaupiga. Ulikuwa sawa. Akaenda zake.

Mwalimu asiye na subira angeianza siku ile kwa kusema, “Haya, nipigie tulipoishia.” Ninawafahamu walimu wazuri wanaofanya hivyo, na nia yao si mbaya, wanataka kujua wamesimama wapi. Lakini tulipoishia ndipo pagumu kuliko pote. Ni wimbo ambao hata kabla ya mfungo ulikuwa haujashikika. Unamtaka mtu aonyeshe kitu ambacho hajawahi kuwa nacho sawasawa, kwa ngozi laini na ala iliyohama sauti, halafu unamwangalia. Huo ni mtihani, tena mtihani ambao majibu yake unayajua. Somo la kwanza la Mfunguo Mosi lisipime kitu.

Kwa wenye fidla, neno moja kabla hatujaendelea. Usizilegeze nyuzi zote nne kwa pamoja, wala wakati wa kufunga ala wala wakati wa kubadilisha. Daraja la fidla halikugundishwa, limesimama kwa kubanwa na nyuzi tu, na ndani ya tumbo kuna kijiti kidogo ambacho nacho kimesimama kwa kubanwa. Nyuzi zote zikilegea, daraja linaanguka, kijiti kinafuata, na kukisimamisha tena ni kazi ya fundi mwenye chombo chake, ambaye si kila mtaa unaye. Upinde ni kinyume chake: ulegeze kila unapoweka fidla chini, hata kwa usiku mmoja. Aliyeuacha umekazwa mwezi mzima atakuta mti umeanza kunyooka.

Sasa wiki yenyewe. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi alasiri, na kama moyo upo, kumi nyingine kabla ya kulala. Mzazi aliyelipa ada ataona ni mchezo. Lakini dakika kumi ndizo ambazo ngozi inaweza kuzibeba wiki ya kwanza, na mtu akiweka ala chini kabla hajachoka, alasiri ataitafuta. Tena wiki za baada ya Idd usingizi wa nyumba nzima uko kombo. Watu wamezoea kulala usiku wa manane na kuamka kwa daku, na mtoto anayeambiwa apige saa nzima baada ya Isha ana macho tu, mikono haipo.

Katika dakika hizo apige nini? Vitu vilivyokwisha. Ninakusudia nyimbo alizozimaliza zamani, tuseme mwaka jana, zikamchosha. Hizo zinampa mkono nafasi ya kujitafuta bila akili kuhangaikia kinachofuata. Azipige polepole kuliko zinavyopigwa, na kabla ya kuupiga mstari auimbe. Hili la kuimba kwanza ningeliweka juu ya mengine yote. Kwa kuwa sikio lake liko mbele ya vidole, liache sikio liongoze: aimbe mstari kwa sauti ya kawaida, asijali uzuri, kisha kidole kiutafute ule alioimba. Kikikosea hatahitaji mwalimu kumwambia. Atakisogeza.

Kwa upande wa maqam, mimi huanza na nahawand. Haina sauti za katikati, na watoto wameishi nayo katika nyimbo nyingi za redio bila kuijua jina, kwa hiyo kidole kinapata pa kutua kwa urahisi. Hijaz siku ya tatu au ya nne. Rast inangoja mpaka wiki ya pili, na siku ya kuirudisha, zima kila kitu chenye funguo ndani ya nyumba. Wapo wanaopinga, wanasema anza na kigumu sikio lingali na tilawa ya mfungo ndani yake. Huenda kwa mwanafunzi wa miaka mingi wakawa na haki. Kwa mtoto wa mwaka wa pili, sijaona faida yake.

Waimbaji wana njia yao. Mwezi wa kukaanga unazipitia koo vibaya: kachori, sambusa, bajia, halafu daku na kulala papo hapo tumbo limejaa. Chakula kinachopanda usiku kinaikwaruza sauti, na mwimbaji anaamka na sauti nzito ambayo wala si mafua. Asianze na nyimbo za juu. Aanze na sauti ya mazungumzo, akae humo siku kadhaa, na aache saa mbili tatu kati ya kula na kulala.

Mtu mzima anayerudi baada ya miaka, yule aliyeacha fidla alipoolewa au alipopata kazi ya bara, afuate hayo hayo kwa mwendo mrefu zaidi. Shida yake kubwa ni kwamba anakumbuka alivyokuwa, na anajilinganisha na usiku wake bora. Wala si yeye peke yake.

Vladimir Horowitz, mpiga piano ambaye wengi waliamini hana mfano duniani, aliacha kupiga hadharani mwaka 1953. Hakuacha kupiga, alirekodi katika miaka hiyo, lakini jukwaani hakupanda kwa miaka 12. Alirudi tarehe 9 Mei 1965 katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, baada ya watu kukesha kwenye foleni ya tiketi. Akakaa, akaanza kazi ya Bach kwa mpangilio wa Busoni, na nota za mwanzo kabisa zikatoka na makosa yanayosikika na kila mtu. Hakusimama. Aliendelea, na usiku ule unazungumzwa mpaka leo miongoni mwa makubwa ya muziki wa piano. Santuri iliyouzwa awali ilisafishwa mahali fulani fulani kabla ya kutolewa, na watu wakangoja hadi 2003 kupata toleo ambalo halikuguswa. Mwanafunzi mkubwa mwenye intaneti nzuri nyumbani ninampa kazi ya kuitafuta rekodi hiyo na kusikiliza dakika ile ya kwanza. Sitoi maelezo. Wengi wanacheka, halafu wanairudia.

Nyumbani nako kuna maneno ya kuchunga. Mzazi hakusudii kuumiza anaposema “ulikuwa unapiga vizuri zaidi kabla ya Ramadhani.” Anasema alichosikia. Lakini mtoto analijua hilo tayari, kwa undani kuliko mzazi, na sasa amethibitishiwa na mtu anayemwamini. Kuna na yule anayetaka masomo yalipiwe fidia: mwezi umepita bila somo, basi sasa mara tatu kwa wiki, tumalize kitabu. Ada ni fedha, ninaelewa, na shilingi ya leo haiokotwi. Mara tatu kwa wiki baada ya mapumziko humleta mtoto kwa mwalimu akiwa hana jipya, maana katikati ya somo na somo hajapata siku ya kukaa na ala peke yake. Mara moja inatosha wiki mbili za mwanzo. Kama fedha imeshalipwa, mwombe mwalimu aisogeze mbele.

Babu zetu hawakuwa na tatizo hili kwa sura tuliyonayo sisi. Taarab ilipoletwa kwenye kasri, enzi za Sultani Barghash, ilikuja na mtu aliyepelekwa Misri kujifunza kanuni na kurudi kuwafundisha wenzake. Nadi Ikhwan Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905 ilikuwa klabu ya watu wanaokutana jioni. Kijana alikaa nyuma, akasikiliza, akapewa dumbak, akapewa kiitikio, siku moja akapewa fidla. Ramadhani ikiisha klabu nzima ilirudi na vidole vizito pamoja. Anayekosea alikosea katikati ya wenzake wanaokosea, wakacheka, wakaanza upya. Leo mtoto anajifunza mmoja kwa mmoja, chumbani, mlango umefungwa, na chuo kama Dhow Countries Music Academy, kilichoanza Mji Mkongwe mwaka 2002, kimetuletea nota, ratiba na vyeti. Mimi ni mtetezi wa nota na ratiba. Lakini chumba kile kina mwanafunzi mmoja na aibu yake, na mwezi wa kurudi ndio mwezi ambao chumba hakifai.

Kwa hiyo wiki ya pili inapoanza, ninawatoa. Wawili wawili kwanza, udi na dumbak, kisha kikundi. Anayerudi kwa shida ninamkalisha kando ya fidla ya mtu aliyemzidi kidogo, si aliyemzidi sana, na ninampa kiitikio tu: mstari mmoja, unaorudi mara sita katika wimbo. Mara ya kwanza anaukosa. Mara ya pili anaupata nusu. Mpaka wimbo unaisha ameupiga mara nne sawasawa mbele ya watu, na kodiani imeyameza makosa yote mawili ya mwanzo, jambo ambalo ni mojawapo ya fadhila za kodiani.

Bashraf siigusi kabla ya wiki ya tatu. Na wazazi wanapouliza mtoto atapanda lini jukwaani, ninawahesabia hadi Idd Kubwa. Kutoka mosi Mfunguo Mosi hadi kumi Mfunguo Tatu ni siku kama 70, na siku 70 za dakika kumi kumi zinatosha kurudisha bashraf nzima pamoja na khana ya tatu, ile inayopanda juu na kuhama maqam, ambayo tukisema kweli hata kabla ya mfungo haikuwa ikienda.